Kushika zigoti bila kuiumiza: uchambuzi wa kisa cha kifaa kimoja cha kudungia seli

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha chuo kikuu kimoja barani Ulaya, kinachotengeneza panya wenye jeni zilizobadilishwa kwa ajili ya watafiti wa magonjwa ya binadamu. Jina la kituo, nchi, watu na miradi yao nimeviondoa, pamoja na hesabu za viinitete ambazo zingeweza kuwatambulisha. Vipimo vya kifaa chenyewe, cha kushikia zigoti (yai lililokwisha kurutubishwa, likiwa bado seli moja) wakati wa kuidunga sindano, nimevibakiza kwa sababu ndivyo vyenye somo. Mimi niliingia kama mhandisi wa vifaa vya vimiminiko wakati toleo la kwanza lilikuwa limekwisha kujengwa. Nililiona likifanya kazi, nikaliona likishindwa, kisha nikashiriki kuunda la pili.

Wengi wanaobuni vifaa vya kushikia seli huanza kwa kuuliza kitashika seli ngapi na kwa kasi gani. Katika kisa hiki, maswali yaliyoamua mambo yalikuwa mawili mengine: seli inapatwa na nini wakati sindano inatoka, na siku nne baadaye imefikia wapi.

Mandharinyuma

Kudunga yai la panya chini ya hadubini si jambo geni. Mwaka 1980 Jon Gordon na Frank Ruddle, wakiwa Chuo Kikuu cha Yale, waliripoti kuingiza DNA kwa sindano katika viini vya zigoti za panya na kupata watoto wa panya walioibeba. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels waliripoti mimba za kwanza za binadamu zilizotokana na mbegu moja ya kiume kudungwa moja kwa moja ndani ya yai. Tangu hapo mikono ya mafundi imekuwa ikifanya kazi ileile kwa namna ileile. Upande mmoja kuna pipeti ya kushikia, ya kioo, yenye mdomo wa upana wa takriban mikromita 100 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na tundu la mikromita 15 hadi 25. Upande wa pili kuna sindano yenye ncha ya mikromita 1 au pungufu. Kati yao iko zigoti, upana wake karibu mikromita 100 ukihesabu na ganda lake, zona pelusida. Linganisha na unene wa unywele mmoja wa kichwani. Kinachoingizwa ni pikolita 1 au 2 za myeyusho (pikolita ni sehemu ya bilioni ya mililita).

Kituo kilikuwa na mafundi wawili wanaoimudu kazi hii. Mmoja alikuwa anakaribia kustaafu, na wanafunzi waliokuwa wakifundishwa walichukua miezi kabla ya kuaminiwa na zigoti za mradi halisi. Muda nao ni mfupi: viini viwili vya zigoti, cha baba na cha mama, huonekana vizuri kwa saa chache tu kabla havijatoweka. Mwanafunzi alitumia sehemu kubwa ya saa hizo kuitafuta zigoti, kuinyonya, kuigeuza, kuiachia na kwenda kuitafuta nyingine. Tendo lenyewe la kudunga lilikuwa fupi kuliko yote hayo.

Mkuu wa kituo akamwomba mhandisi kijana wa chuo hicho abuni kifaa cha kuzishika zigoti nyingi zikiwa zimepangwa, ili sindano ipite moja baada ya nyingine. Mfano wa kuigwa ulikuwapo. Mwaka 2007 kikundi cha Chuo Kikuu cha Toronto kilichapisha mfumo wa roboti uliodunga viinitete 15 vya samaki aina ya zebrafish kwa dakika, vikiwa vimekaa kwenye safu ya matundu yanayovuta kwa ombwe. Mhandisi alichukua wazo hilo na kulipunguza vipimo.

Toleo la kwanza: matundu chini ya seli

Alichonga kalibu ya SU-8 (plastiki inayogandishwa kwa mwanga) juu ya kisahani cha silikoni kwa mwanga wa urujuanimno, akamimina PDMS, ule mpira laini wa uwazi unaotumika karibu kila mahali katika kazi hizi, na kupata utando wa unene wa mikromita 100. Juu yake kulikuwa na vishimo 25, vitano kwa vitano, kila kimoja na upana wa mikromita 110 na kina cha mikromita 50. Katikati ya sakafu ya kila kishimo palikuwa na tundu la mikromita 40 lililofika upande wa pili, ambako chemba moja iliyavuta matundu yote kwa pamoja. Mvuto ulitoka kwenye chupa ya maji iliyoshushwa sentimita 10 chini ya meza. Njia hiyo ya chupa naipenda mpaka leo: haina mtetemo, haina umeme, na shinikizo lake unalisoma kwa rula.

Uchaguzi wa kina cha mikromita 50 ulikuwa na sababu nzuri. Sindano huja kwa pembe, na kishimo kikiwa kirefu kuliko nusu ya zigoti, ncha inagonga ukingo kabla haijagusa seli. Nusu ya zigoti ilibaki juu ya ukingo, ikingoja sindano.

Majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa shanga ndogo za plastiki, baadaye kwa mayai ambayo hayakurutubishwa, na yalipendeza macho. Unamwaga, unavuta, na kwa muda mfupi vishimo vingi vimejaa. Picha zilitumwa kwa mkuu wa kituo, naye akaruhusu zigoti za kweli.

Kilichotokea

Jambo la kwanza lilikuwa macho. Hadubini ya kudungia hutazama kutoka chini, kwa hiyo mwanga unaounda picha ulipita katika tundu lile la mikromita 40 na kingo zake. PDMS hupinda mwanga kwa kiwango cha takriban 1.41, maji 1.33. Tofauti hiyo inatosha kuchora pete nyeusi mahali palepale ambapo fundi anatafuta viini. Fundi mkongwe aliinama kwenye lenzi, akanyanyuka, akasema haoni anachodunga. Mhandisi alipendekeza kuongeza mwanga, ukaongezwa, na pete ikawa kali zaidi.

Jambo la pili lilikuwa mafuta. Juu ya kimiminiko cha kushikia seli huwekwa tabaka la mafuta ya madini ili maji yasikauke. Siku ile vishimo vilivyojaa havikufika nusu. Katika muda wa dakika chache kina cha kimiminiko kilishuka, mafuta yakafika kwenye vishimo, na zigoti zilizokuwa zimekaa vizuri zikazungukwa na mafuta, zikanywea. Zote zilitupwa.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nibadili namna ninavyoviangalia vifaa hivi. Katika vipindi ambavyo mafuta hayakuingia, sindano iliingia bila shida. Ilipovutwa nje, zigoti iliifuata. Ilipanda kutoka kwenye kishimo ikiwa imeng'ang'ania kioo, ikazunguka, ikaanguka pembeni. Nyingine zilipasuka palepale, kwa sababu nyuzi za DNA ya kiini hunata kwenye sindano, na kadiri inavyotoka polepole na kwa kuyumba ndivyo kidonda kinavyopanuka. Fundi mkongwe hutoa sindano kwa mpigo mmoja, na mpigo huo unawezekana tu kama seli imeshikwa.

Kwa nini ilitokea hivyo

Hesabu ya makadirio inaeleza karibu kila kitu, na inaingia kwenye karatasi moja.

Tundu la mikromita 40, urefu mikromita 50, likivutwa kwa sentimita 10 za maji, linapitisha karibu mikrolita 1 kwa sekunde likiwa wazi. Matundu 25 yakiwa wazi yote, mikrolita 300 za kimiminiko kilichoko juu ya vishimo zinakauka katika sekunde kumi na kitu. Hata yakibaki wazi machache, ni suala la dakika. Zaidi ya hapo, mkondo mkubwa kiasi hicho unapopita katika mrija mmoja wa pamoja, shinikizo linapotea njiani, na zigoti zilizokwisha kukaa zinanyimwa mvuto na majirani zao watupu. Kifaa kilishika vizuri pale tu kilipojaa kabisa, hali ambayo kwa zigoti za kweli haikutokea karibu kamwe.

Nguvu ya kushika nayo: eneo la tundu mara shinikizo linatoa takriban mikronyutoni 1.2. Uzito wa zigoti ndani ya maji haufiki nanonyutoni 1, yaani sehemu ya elfu ya mikronyutoni. Kwa hiyo kishimo peke yake, bila mvuto, kinaizuia zigoti isisukumwe upande, lakini hakiizuii kabisa isivutwe juu. Watu wengi huona seli imetulia kishimoni wakadhani imeshikwa. Imekalia tu.

Hapo ndipo mfano wa zebrafish ulipodanganya. Yai la samaki yule lina upana wa takriban milimita 1 pamoja na ganda lake, mara kumi ya zigoti ya panya. Ukipunguza upana mara kumi, eneo la kuvuta linapungua mara mia, na nguvu nayo mara mia. Tena katika zebrafish mtu anaweza kudunga kwenye sehemu ya njano ya yai, iliyo akiba ya chakula, na bado kazi ikafanikiwa. Katika zigoti ya panya, mtu anayeingiza DNA ndefu anatafuta kiini kimoja mahususi ambacho ni sehemu ndogo tu ya seli nzima.

Uamuzi wa kushika kwa ubavu

Mezani palikuwa na mapendekezo matatu. La kwanza lilikuwa kuongeza mvuto katika toleo lilelile. Tulilikataa upesi: uvujaji ungeongezeka kwa kiwango kilekile, na pete ya mwanga ingebaki. La pili lilikuwa kuachana na PDMS na kuchonga kioo, ambacho ni kizuri machoni na hakitoi kemikali. Lilikataliwa kwa gharama na muda, si kwa ubaya wake, na kituo kikipata fedha ningelirudisha mezani. La tatu lilitoka kwa fundi mkongwe, ambaye hakuwa amewahi kuchora kifaa chochote. Alisema pipeti yake inashika kwa ubavu na sindano inatoka upande wa pili, kwa nini kifaa kishike kwa chini?

Toleo la pili lilijengwa juu ya maneno hayo. Bamba la PDMS lenye mifereji kumi sambamba, kila mmoja mraba wa mikromita 30 na urefu wa milimita 2, liligandishwa kwa plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme) juu ya kioo chembamba cha milimita 0.17. Midomo ya mifereji ilifunguka kwenye ukuta wa bamba, na mbele ya ukuta palibaki wazi juu ili sindano ipite. Zigoti zilikaa juu ya kioo kitupu, zikiegemea ukuta, zikivutwa kwa ubavu. Chini yake hapakuwa na tundu wala kingo, na viini vikaonekana kama vinavyoonekana kwenye sahani ya kawaida ya kioo.

Urefu wa milimita 2 ndio sehemu ninayoipenda zaidi katika kifaa hiki, ingawa kwa macho haina mvuto wowote. Mfereji mrefu na mwembamba unazuia sana mtiririko. Chupa iliposhushwa sentimita 20, mfereji ulio wazi ulipitisha nanolita 30 hivi kwa sekunde. Mifereji yote kumi ikiwa wazi, mikrolita 300 zingechukua zaidi ya robo saa kuisha. Lakini zigoti ikiziba mdomo, mtiririko unasimama, na pasipo mtiririko hakuna shinikizo linalopotea njiani. Mdomoni linafika shinikizo lote, na nguvu inakuwa takriban mikronyutoni 1.8. Ukinzani wa mfereji unakula mtiririko wa midomo iliyo wazi bila kugusa mshiko wa midomo iliyojaa. Toleo la kwanza halikuwa na kitu kama hicho, kwa sababu urefu wa tundu ulikuwa karibu sawa na upana wake.

Tulikubaliana pia tusiweke vali kwa kila mdomo. Zigoti moja mbaya haikuweza kuachiwa peke yake. Ilibidi ziachiwe zote kumi kwa kuinua chupa juu kidogo ya meza. Mhandisi kijana alisikitika. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi: kila vali ni mahali pengine pa kiputo cha hewa kujificha, na kiputo ndani ya mrija hunyumbuka, kikachelewesha kila amri unayotoa. Umeinua chupa, zigoti bado imenata. Ukiivuta kwa nguvu, unaichana. Ili kuondoa hewa, mifereji ilijazwa kwanza kwa ethanoli, ambayo hulowesha PDMS kwa urahisi, kisha ikasafishwa kwa maji mengi kabla ya kimiminiko cha seli. Bamba halikuachwa likauke tena, kwa kuwa PDMS iliyopitishwa plazma hurudia hali ya kuyakimbia maji baada ya muda.

Makundi manne

Kabla ya kudunga chochote cha mradi, mkuu wa kituo alidai jaribio ambalo toleo la kwanza halikulipitia. Zigoti ziligawanywa makundi manne: zilizobaki sahanini bila kuguswa, zilizoshikwa kwenye kifaa kwa muda uleule bila kudungwa, zilizodungwa kwa pipeti ya kawaida, na zilizodungwa kwenye kifaa. Zote zikawekwa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 na asilimia 5 ya kaboni dioksidi, zikahesabiwa zilizofika hatua ya blastosisti (kiinitete kilichokua kuwa mpira mdogo wa seli wenye uwazi ndani) baada ya saa 96. Kipimo cha kawaida cha usalama wa vifaa katika maabara za mayai ni angalau asilimia 80 kwa zigoti ambazo hazikudungwa.

Kundi la kwanza lilifika. Kundi la pili halikufika. Zigoti ambazo hazikuguswa na sindano yoyote, zilizokuwa zimeegemea ukuta tu, zilikufa nyingi kuliko ilivyotarajiwa.

Bila kundi hilo la pili, vifo vingesomwa kama ubaya wa mkono wa mwanafunzi au wa sindano, na timu ingepoteza muda kunoa kisu kisicho na kosa. Sababu mbili zilishukiwa. PDMS isiyoiva vizuri huacha molekuli fupi zinazochuja polepole na kuingia kwenye maji. Pia hupitisha mvuke: kimiminiko kidogo kilichozungukwa na mpira hupoteza maji na kubaki na chumvi nyingi zaidi, na kiinitete cha panya cha seli moja hakivumilii hilo. Timu iliongeza muda wa kuoka kwa nyuzi 80, ikaloweka mabamba kwenye ethanoli, ikayakausha, ikayaloweka tena kwenye maji safi usiku kucha. Wakati huohuo kiasi cha kimiminiko kikaongezwa. Kundi la pili likapanda hadi kiwango cha kundi la kwanza.

Matokeo

Zigoti zilizodungwa kwenye toleo la pili zilifika blastosisti kwa kiwango kisichotofautiana na zile za pipeti. Kwa wanafunzi, muda wa kila zigoti ulipungua sana, na waliaminiwa na kazi halisi mapema kuliko waliowatangulia. Kwa fundi mkongwe faida ilikuwa ndogo mno. Alikitumia kwa heshima siku kadhaa, kisha akarudi kwenye pipeti yake.

Miradi ya mabadiliko madogo ya jeni, ile ya kupeleka protini ya Cas9, ambayo hukata DNA, pamoja na RNA inayoiongoza, ilihamishwa baadaye kwenda elektroporesheni, ambako zigoti nyingi hupigwa msukumo mfupi wa umeme kwa pamoja bila sindano. Kifaa kilibaki kwa wanafunzi, na kwa miradi ya DNA ndefu ambayo umeme haupitishi kwa urahisi.

Uchambuzi

Fundi mkongwe hakurudi kwenye pipeti kwa ukaidi. Pipeti inaweza kuigeuza zigoti, kifaa hakiwezi. Fundi huiachia nusu, huisukuma kwa ncha ya sindano mpaka kiini anachokitaka kikae kwenye mstari wa katikati, ndipo huinyonya tena. Kwenye ukuta wetu zigoti inakaa ilivyoangukia. Kiini kikiwa juu au chini ya kimo ambacho lenzi inakiona sawasawa, una hiari mbili: kudunga kwa kubahatisha, au kuziachia zote kumi na kuanza upya. Kwa kudunga sehemu yoyote ya saitoplazimu (ujiuji wa seli ulio nje ya kiini) hilo si tatizo. Kwa kudunga kiini ni tatizo kubwa, nalo halikutatuliwa. Miradi ya DNA ndefu, iliyobaki kuwa hoja ya kukitunza kifaa, ndiyo hasa inayohitaji kiini. Nadhani kituo kilipaswa kulisema hili wazi katika ripoti yake, badala ya kusifu kasi.

Ukuta nao una udhaifu. Ulikatwa kwa wembe kabla ya kugandishwa, na ubora wa mdomo ulitegemea wembe mpya na mkono uliotulia. Mdomo wenye kingo zilizochanika hauzibiki sawasawa, na uvujaji mdogo pembeni mwa zigoti unatosha kushusha mshiko, kwa kuwa ukinzani uleule unaotulinda dhidi ya midomo mitupu unatuadhibu pale zigoti isipoziba vizuri. Dawa ni kuumba ukuta ndani ya kalibu badala ya kuukata. Tulichora kalibu hiyo, haikujengwa.

Kuhusu vifo vya kundi la pili, timu ilibadili uokaji, uloweshaji na kiasi cha kimiminiko kwa wakati mmoja, kwa sababu watafiti walikuwa kwenye foleni. Tatizo liliondoka, lakini haijulikani ni hatua ipi iliyoliondoa. Atakayeiga kifaa hiki itambidi azifuate zote, au atenge wiki kadhaa kuzipima moja moja.

Kwa wasomaji walio Afrika Mashariki, jambo hili haliko mbali. Bagamoyo, katika Taasisi ya Afya Ifakara, kazi ya kubadilisha jeni za mbu aina ya Anopheles gambiae inahusu mayai yanayodungwa yakiwa bado mapya, kabla ganda halijakauka na kuwa gumu. Yai la mbu ni refu, karibu nusu milimita, na hulazwa kwenye mstari likiegemea ukingo, ncha ya nyuma ikiielekea sindano. Huko mwelekeo hupangwa kwa brashi kabla ya kudunga, kwa hiyo udhaifu mkubwa wa kifaa chetu haungekuwapo. Ambacho kingebaki ni kutoka kwa sindano, na kwa yai lenye shinikizo la ndani, ambalo humwaga majimaji likitobolewa, ningeanza kubuni kutoka hapo: kwanza nguvu inayohitajika kulibakiza yai mahali pake sindano inapovutwa, kisha eneo la mdomo, kisha urefu wa mfereji. Idadi ya mayai kwenye safu ningeiamua mwisho.

Katika kituo cha kisa hiki, fomu ya kila kipindi cha kudunga sasa ina safu ya zigoti zilizoshikwa bila kudungwa. Ni chache kila mara, na kila mradi unazilipia.